Ujira wa Saa Kumi na Moja

Katika Injili ya Mathayo, mlango wa 20, imo hadithi ya mwenye shamba la mizabibu aliyetoka alfajiri kutafuta vibarua, akapatana nao dinari moja kwa siku, ijara iliyokuwa ada zama zile. Kisha akatoka tena saa tatu, na saa sita, na saa tisa, na mwisho saa kumi na moja, jua limekwisha kuelemea magharibi, na wote aliowakuta sokoni hawana kazi akawapeleka shambani. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kufafanuliwa saa hizo, maana sisi nasi huhesabu mchana tangu macheo. Jioni ilipoingia, wote walipewa dinari moja moja.

Wafasiri wamejishughulisha sana na usawa wa malipo hayo. Gregory Mkuu, Papa wa Roma tangu 590 hata 604, alizifanya saa zile kuwa vipindi vya ulimwengu tangu Adamu. Sina ugomvi naye. Linalonitatiza mimi ni amri aliyopewa msimamizi: aanze kuwalipa waliokuja mwisho, amalizie kwa wa kwanza. Lau wangalilipwa kwanza wale wa alfajiri, wangalitia dinari zao kibindoni wakenda zao na shukrani, na wala pasingalisikika nung'uniko hata moja. Tajiri mwenye kupenda raha yake angalifanya hivyo.

Rai yangu ni kwamba amri hiyo ndiyo moyo wa hadithi yenyewe. Dinari iliyowatosha asubuhi ilikuwa ile ile jioni, haikupungua uzito wala thamani. Kilichoipunguza ni macho yao, yaliyoona ya wenzao kabla ya kupokea yao. Tena tazama shitaka lao: hawakusema wamepunjwa, walisema wamesawazishwa na watu waliofanya kazi saa moja tu. Basi, msomaji wangu, ukitaka kujua kama una kinaa, usijipime siku unayopokea peke yako. Jipime siku unayosimama katika safu nyuma ya mtu uliyemdhania duni kwako, naye akapewa mfano wa chako. Na kabla hujamhukumu kwa uvivu, uliza: wale wa saa kumi na moja walipoulizwa sababu ya kusimama bure mchana kutwa, walijibu kwamba hakuna aliyewaajiri. Kusimama sokoni tangu asubuhi kwa roho juu, ukiwaza watoto watakula nini, nako ni taabu, ijapokuwa haitoi jasho.

Waislamu nao wanayo hadithi iliyo karibu sana na hii katika Sahihi ya Bukhari, ya waajiriwa wa hata adhuhuri, wa hata alasiri na wa hata magharibi, na humo pia wanung'unikao huulizwa kama wamedhulumiwa haki yao, wakakiri kwamba la.

Adabu ya mwenye shamba nayo yastahili kuangaliwa. Alilipa siku ile ile, kama Torati ilivyoamuru ujira wa maskini usilale. Aliposhitakiwa hakuwakemea kwa jumla, alimjibu mmoja wao, akamwita rafiki, akamkumbusha mapatano. Hata hivyo singemnasihi kila mwenye watumishi aige mpango wake wa malipo. Wako mabwana wapendao kumpa mmoja mbele ya wengine ili kuwafitinisha, wakauita ufisadi huo ukarimu. Mwenye shamba alikuwa na idhini ya kutoa hadharani kwa sababu hakuna aliyemdai hata thumuni: mwenye mapatano alipewa mapatano yake kamili, na fadhila ilitoka katika mali yake mwenyewe. Aliye na deni la ujira wa mwezi uliopita, naye anagawa zawadi mbele ya watu, na aanze kwanza kwa wanaomdai.