UJIRA WA MSIMAMIZI WA DUKA

Wafanyao biashara katika miji ya Mlima Kenya, Nyeri na Karatina, Nanyuki, Embu na Meru, wana swali moja liwasumbualo; na ndugu zetu wa pwani wenye maduka huko bara lawasumbua zaidi, kwa kuwa mwenye mali yuko Mombasa au Lamu na mali iko Nyeri. Swali lenyewe ni hili: mtu aliyekabidhiwa duka zima, ashikaye ufunguo, anunuaye, auzaye, akopeshaye na apelekaye fedha benki, alipwe vipi? Apewe mshahara wa mwezi tu? Apewe sehemu ya mauzo? Au apewe fungu la faida?

Wengi huliona swali hili kuwa la hesabu. Lakini asili yake ni haki ya mtu juu ya mtu, na hesabu huja baadaye.

Litendekalo sana si hata moja katika hayo matatu. Mwenye duka humchukua kijana, mara nyingi mtoto wa nduguye, akampa chakula na mahali pa kulala na fedha kidogo, akamwambia, "Fanya kazi, mwanangu, duka hili ni lako." Neno hili ni tamu, na huenda alisemaye asikusudie ubaya. Miaka kumi hupita. Kijana ameoa, ana watoto, na duka moja limekuwa mawili. Siku atakayo kujua lililo lake, huambiwa kuwa amekula, amelala na amefunzwa kazi, na sasa ameingiwa na tamaa. Au mwenye mali hufa, warithi wakaja wakafungua daftari lisilo na jina la kijana hata mstari mmoja. Akenda kushitaki, atasema nini? Neno "duka ni lako" halikuwa hiba iliyokabidhiwa, halikuwa ujira uliojulikana, wala halikuwa ushirika. Lilikuwa neno tu, na kwa neno hilo ametumikishwa ujana wake.

Wanazuoni wetu wa madhhebu ya Shafi waliliziba tundu hili zamani. Walisema ujira sharti ujulikane kadiri yake kabla ya kazi kuanza. Ama mudharaba, yaani mali ya mmoja na kazi ya mwengine, walitaka faida igawanywe kwa fungu lijulikanalo, kama nusu au robo, na hasara ya mali iwe ya mwenye mali, maadamu mfanya kazi hakuzembea wala hakuhini. Tena walishurutiza mali hiyo iwe fedha taslimu, si bidhaa, na mfanya kazi aachiwe kazi yake bila ya mwenye mali kujishurutiza kuifanya pamoja naye. Kwa hivyo duka lililojaa sukari na nguo, ambalo mwenyewe ameshika amri yake kila siku kwa simu, si mudharaba hata likiitwa hivyo. Msimamizi wake ni mtu wa kuajiriwa, na haki yake ni ujira ujulikanao.

Wako wanazuoni wengine, khasa wa Hanbali, walioruhusu mfanya kazi alipwe fungu la pato la kazi yake, wakilinganisha na mkulima alimaye shamba la mwengine kwa fungu la mazao, kama Mtume (s.a.w.) alivyowapa watu wa Khaibar mashamba kwa nusu ya kitokacho. Sisi hatuoni ubaya kuwafuata katika hilo, kwani haja ipo na dalili ipo. Lakini hata wao hawakuruhusu fungu lisilojulikana.

Tuyapime sasa malipo ya mauzo. Nyeri ni nchi ya chai na kahawa. Mkulima wa chai wa Othaya au Mathira hulipwa kila mwezi kwa uzito wa majani aliyopeleka kiwandani, kisha hungojea malipo ya pili ya mwaka, yaitwayo bonasi, ambayo kwa desturi hutoka kiasi cha mwezi wa Oktoba. Mkulima wa kahawa naye hungojea kahawa ya chama chake cha ushirika iuzwe. Biashara ya mji hufuata mwendo huo: watu hukopa miezi mingi na hulipa fedha zikitoka. Msimamizi alipwaye kwa mauzo atajazwa mkono Oktoba kwa sababu ya mvua na bei ya chai, na Machi atakosa ingawa amefanya kazi ile ile.

Tena iko khatari kubwa kuliko hiyo. Tuseme ameahidiwa shilingi moja katika kila mia ya mauzo. Daftari laonyesha mauzo ya shilingi 1,000,000; naye huchukua 10,000. Lakini katika hayo 400,000 ni mkopo, na 150,000 za mkopo huo hazitalipwa kamwe. Amelipwa kwa fedha ambazo duka halikuzipata. Wala si lazima awe mwizi. Ujira wenyewe ndio uliomfundisha kumkopesha kila apitaye mlangoni. Atakaye kulipa kwa njia hii, basi ahesabu fedha zilizoingia sandukuni na katika simu, si zilizoandikwa.

Ama fungu la faida, hilo lina uadilifu zaidi, kwani wote wawili hufurahi pamoja na huhuzunika pamoja. Ila faida huhesabiwa na nani? Mwisho wa mwaka mwenye duka ametoa sandukuni karo za watoto wake, mafuta ya gari lake na mchele wa arusi ya nduguye, na vyote vimeandikwa kuwa ni matumizi ya duka. Faida ikaonekana hakuna, na fungu la kumi la hakuna ni hakuna. Basi na lisemwe tangu mwanzo faida ni kitu gani: ni mauzo yaliyolipwa, ukitoa bei ya bidhaa zilizouzwa, kodi ya nyumba, umeme, mishahara, usafirishaji na ushuru wa serikali. Ayatwaayo mwenye duka kwa nyumba yake yaandikwe juu ya jina lake mwenyewe. Na bidhaa zihesabiwe rafu kwa rafu, wote wawili wakiwapo. Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila khabari. Na haki ya mtu hupotea vivyo hivyo.

Yabaki mshahara wa mwezi. Huu ndio ulio safi zaidi, kwa sharti umtoshe mtu. Katika Hadithi aliyoipokea Abu Daud, Mtume (s.a.w.) alimpa afanyaye kazi ya umma ruhusa ya kupata mke, mtumishi na nyumba, kisha akasema kuwa atwaaye zaidi ya hapo amefanya khiyana. Tazameni mpango wa maneno: kwanza mahitaji ya mtu yametimizwa, ndipo khiyana ikatajwa. Yeye amwekaye mtu mbele ya sanduku la fedha na watoto wake wana njaa, hamhalalishii wizi, la. Mwizi ni mwizi. Lakini amemweka penye mtihani ambao yeye mwenyewe hangeupenda.

Katika kisa cha Nabii Musa na mzee wa Madiani twaona mambo yote haya mahali pamoja. Binti wa mzee alimsifu Musa kwa nguvu na uaminifu, nazo ndizo sifa mbili za msimamizi hata leo. Mzee akaweka muda wa miaka minane uwe ndio mapatano, na miwili ya kutimiza kumi akaiacha kwa hiari ya Musa, akasema kuwa hataki kumtaabisha. Lililo wajibu lilisemwa kuwa ni wajibu, na lililo fadhila likasemwa kuwa ni fadhila. Madhara ya neno "duka ni lako" ni kwamba lachanganya viwili hivi: wajibu hugeuzwa kuwa fadhila, na fadhila hufanywa kamba ya kumfungia mtu.

Kwa hayo, shauri letu ni hili. Kwanza, msimamizi awe na mshahara ujulikanao, umtoshao kuishi katika mji alioko, ulipwao siku yake ijapokuwa duka halikuuza. Pili, ikiwa mwenye mali ataka kumwongeza, achague: ama ampe fungu la faida lililotajwa na kuandikwa, ama ampe zawadi mwisho wa mwaka, asiiahidi wala asiitishie. Tatu, mapatano yaandikwe. Sheria ya Kenya ya kazi ya mwaka 2007 yataka mapatano ya kazi ya miezi mitatu au zaidi yawe kwa maandishi, na Qurani ilikwisha kutuamrisha kuandika madeni. Ahadi ni deni.

Wala asiseme mtu, "Huyu si wa kwetu." Katika safari ya Hijra, Mtume (s.a.w.) na Abubakar walimwajiri Ibn Uraiqit awaongoze njia, wakamkabidhi ngamia wao wawili, naye alikuwa bado katika dini ya Makureshi. Mkikuyu au Mmeru aaminiwaye na ufunguo haki yake ni hiyo hiyo.

Iko na njia ya nne, ya mwenye moyo mpana. Allidina Visram, ambaye jina lake liko katika skuli moja kubwa ya Mombasa, na aliyefariki mwaka 1916, alieneza maduka mengi katika bara hizi. Na baadhi ya waliokuwa watu wake aliwapa bidhaa kwa mkopo wakaanza biashara zao. Hakuwapoteza, walikuwa wanunuzi wake.

Basi wewe mwenye duka, mwezi huu usishe kabla hujamwita msimamizi wako ukamwuliza: "Wajua lililo lako?" Akinyamaza, au akakujibu kwa kukuombea dua, jua kuwa una deni usilolijua kiasi chake, kaeni mlihesabu.