Moto wa Mhunzi

Mzazi anayetaka kuchapa hakosi msemo. Akiishiwa na "Mchelea mwana kulia hulia yeye", atatoa ule wa chuma: eti mtu ni kama chuma, hukomazwa motoni. Nimeusikia shuleni, nimeusikia kwenye kijiwe cha kahawa, hata msibani, ambako mjane aliambiwa avumilie kwa sababu "anapikwa". Mimi sina ugomvi na mfano wenyewe. Wasiwasi wangu ni kwamba wanaoutumia hawajamtazama mhunzi mpaka mwisho wa kazi.

Hapa kwetu Tura, kwenye reli ya kati mashariki ya Tabora, yupo mzee anayefua mapanga kutokana na springi za malori. Nilimwamkia, nikamwuliza kama ni kweli moto ndio unaokifanya chuma kiwe kigumu. Akacheka. "Moto unakilainisha, mjukuu wangu. La sivyo ningekifuaje?"

Kinachokifanya kiwe kigumu ni maji. Ndani ya chuma chembe zimejipanga safu kwa safu, na katika springi mna kaboni kidogo, haifiki hata asilimia moja. Chuma kikiwa chekundu, nyuzi 700 na ushee, zile safu hujipanga upya na kaboni huyeyuka humo kama sukari kwenye chai. Ukikiacha kipoe polepole kwenye majivu, kaboni hujitenga kwa utaratibu, na unabaki na kitu laini. Ukikitumbukiza majini, kaboni haipati nafasi ya kutoka. Inanaswa, na safu zinapindika kwa kubanwa. Hali hiyo huitwa martensaiti, kwa jina la Mjerumani Adolf Martens. Ni ngumu ajabu. Na panga la namna hiyo ukilipiga kwenye jiwe, linaweza kukatika kama kigae.

Kwa hiyo mzee hulirudisha kwenye moto mdogo, akiangalia rangi: manjano ya majani makavu, kahawia, halafu bluu. Hapo kaboni iliyobanwa hupata upenyo. Tena alikuwa ametia maji makali peke yake, mgongo akauacha. Wenye msemo wao huondoka chuma kikiwa bado kinachemka majini, wakadhani wameona yote!

Mafundi wa leo wamekwenda mbali zaidi. Bati la gari la kisasa, lile linalotakiwa kumkinga abiria ajali ikitokea, mara nyingi si martensaiti tupu. Ni feriti, chuma laini, iliyotawanywa visiwa vya martensaiti kama kokoto katika udongo. Aina nyingine huachiwa ndani yake osteniti kidogo, ambayo hutulia tu mpaka siku bati likunjwe au lipigwe. Ndipo inapogeuka kuwa ngumu, palepale penye pigo. Hebu fikiri, msomaji: kitu kilichoachwa bila kukomazwa mapema, na ndicho kinachookoa!

Sisi wa Tura tunapenda kujivunia wapagazi wa Kinyamwezi. Burton na Speke walipita hapa mwaka 1857, wametoka kuvuka Mgunda Mkali, ile nyika yenye uhaba wa maji kati ya Ugogo na kwetu. Tunaisifu nyika, eti ndiyo iliyowakomaza wanaume wale. Na Tura je? Maji, nafaka, kulala. Bila hivyo mizigo ingefikaje Kazeh?

Najua, mtu si springi. Lakini hilo ndilo linalonitisha zaidi. Panga likikatika, mzee huvirudisha vipande motoni akafua kisu. Mtoto harudishwi.

Ninaye rafiki, nisimtaje, aliyelelewa kwa fimbo mpaka akaacha kulia. Wakubwa wakamsifu: huyu amekomaa. Alipofiwa na mkewe alipokea wageni, akachimba kaburi pamoja na wenzake, akarudi shambani siku ya nne. Tulisema tumeona mwanaume. Miezi miwili baadaye mwanawe alimwaga bakuli la mlenda, na yeye akaanguka chini akalia mpaka usiku, hawezi kusimama, hawezi kusema jina la yule mtoto. Waliomsifu walikuwepo. Wakabaki kuulizana, jamani, kwa bakuli tu?