Mkono Unaounga Waya

Jioni ya giza, wavuvi wa Guta huwa na haraka. Nasema giza kwa maana tunayoijua sisi wa kando ya Ziwa Victoria: zile siku ambazo mwezi hauonekani au huchelewa kutoka, dagaa hufuata taa na mitumbwi huingia ghubani. Mbalamwezi ikirudi, nyavu hupumzika. Katika jioni hizo utaona kambini, kati ya vichanja vya kuanikia dagaa na maturubai tunayolala chini yake, betri zikibebwa begani, paneli za sola zikiinuliwa kutoka mchangani na nyaya zikivutwa huku na huku. Karabai za mafuta ya taa tulizokua nazo zimepungua, na taa za betri zimeshika nafasi yake majini na nchi kavu. Ni badiliko jema. Taa hizi hazitoi moshi, na mafuta hayamwagiki tena juu ya gunia la unga.

Lakini karibu na kila mtu mzima anayeunga nyaya zile, wakati wa likizo ya Juni, pana mtoto amesimama. Hakuna aliyemwita. Ameshika tochi, au ameshika koleo, au hakushika kitu, anatazama tu. Kwa miaka mingi sikumjali mtoto huyo, ingawa alikuwa wangu.

Juni moja fyuzi ya betri yangu iliungua wakati wenzangu wameshaanza kusukuma mtumbwi. Fyuzi ya akiba sikuwa nayo. Nikasokota nyuzi tatu za shaba, nikazibana mahali pa fyuzi, taa za kambi zikawaka, nikaondoka. Aliyenimulikia tochi alikuwa mwanangu wa darasa la sita. Wiki moja baadaye, nikiwa nimerudi nyumbani, nilisikia kilio nyuma ya jiko. Mwanangu alikuwa amechukua betri kuukuu ya pikipiki amwashie mdogo wake taa ya kuchezea, naye amesokota shaba vilevile mahali pa fyuzi. Mdogo akagusanisha nyaya mbili, plastiki ikayeyuka, kiganja kikaungua. Nilimfokea mkubwa: nani kakufundisha ujinga huu? Akajibu kwa sauti ndogo, bila ubishi, "Nilikuona kambini, baba." Mama yao alinitazama mara moja, kisha akaenda kuchota maji ya kumpoza mtoto. Hakusema neno, wala hapakuwa na haja.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikitazama makambi yetu na nyumba zetu kwa jicho jingine, na ninayoyaona si ya kwangu peke yangu. Nyumba nyingi zina betri moja tu. Baba akienda kambini, betri huenda naye, na kwa wiki mbili watoto waliobaki husomea kwa tochi ya simu, simu yenyewe ikipelekwa kuchajiwa kwa kulipia. Huko kambini, betri ile ile husukuma sabufa na televisheni hadi usiku wa manane. Alfajiri taa zimefifia, na anayeamka kugeuza dagaa hupapasa gizani. Mtoto aliye likizo kambini huona upande mmoja wa hesabu hiyo, na aliyebaki nyumbani huona upande wa pili. Wote wawili wanajifunza kitu kimoja: kwamba kilicho kidogo hutumiwa kwanza na mwenye nguvu, kwa starehe yake, na wengine hupewa masalia.

Tumefikaje hapa? Sababu ya kwanza ni haraka. Sisi wazazi tumejizoeza kuamini kwamba malezi yana saa yake maalumu: saa ya kukaa na kuonya, saa ya kusoma ripoti ya shule, saa ya adhabu. Kazi tunaiweka kando ya malezi, tukidhani mtoto anayetutazama tukifanya kazi yuko mapumzikoni. Mwalimu Julius Nyerere, aliyezaliwa mwaka 1922 kule Butiama, si mbali na hapa kwetu, aliandika mwaka 1967 katika Elimu ya Kujitegemea kwamba shule isimtenge mtoto na maisha ya jamii yake, bali mwanafunzi ajifunze kwa kutenda. Tulilichukua neno hilo kama la walimu na mashamba ya shule. Kumbe linatuhusu pia sisi wenye kambi. Mtoto anajifunza kwa kutenda, na pale asipopewa la kutenda, anajifunza kwa kuiga.

Sababu ya pili ni kutokuwepo. Dagaa hutuita, na hatuna budi kuitika, kwani ada, sare na chakula vinatoka humo ziwani. Lakini wako kati yetu ambao mbalamwezi ikitoka hawarudi nyumbani. Hubaki mwaloni, kwenye vijiwe vyake, au wakirudi, wanarudi na mwili tu, macho yakiwa kwenye simu. Wahenga walisema mwana hutazama kisogo cha nina. Kwa watoto wengi wa wavuvi, kisogo cha baba ndicho sehemu ya baba wanayoijua zaidi.

Sababu ya tatu ni ngumu kuikiri: hatukufundishwa sisi wenyewe, na tunaona aibu kusema hatujui. Tunanunua betri kwa bei, hatuulizi kama ni ya gari, iliyotengenezwa kuwasha injini kwa nguvu nyingi za muda mfupi, au ni ya sola, inayovumilia kutolewa umeme polepole usiku kucha. Inakufa baada ya muda mfupi, tunamlaumu muuzaji. Mtoto anasikia lawama, wala hasikii swali.

Wajibu wetu basi ni upi? Kwanza, tuketi na watoto tupige hesabu kabla ya kwenda kambini. Hesabu yenyewe iko ndani ya uwezo wa mtoto wa shule ya msingi. Betri ya volti 12 yenye ampea-saa 50 ina wati-saa 600 ikijaa. Ikiwa ni ya risasi na tindikali, haifai kutumiwa kupita nusu, kwa hiyo tuna 300 tu za kutumia. Taa tatu za wati 5 kwa saa tano ni 75. Simu nne, tukikadiria 15 kila moja, ni 60. Redio ya wati 5 kwa saa nne ni 20. Jumla 155, tunabaki na akiba ya karibu usiku mwingine mmoja, hata jua likifichwa na mawingu. Sasa weka televisheni na sabufa zinazokula wati 80 kwa saa tano: ni 400, zimevuka mpaka peke yake. Mwanangu alipoandika namba hizo kwenye daftari, aliniuliza, "Kwa hiyo kule kambini tulikuwa tunaiua betri?" Nikamjibu ndiyo. Kukubali kosa mbele ya mtoto hakukunipunguzia heshima. Naamini kuliniongezea.

Hesabu hiyo hiyo ilituamulia jambo la pili. Paneli ya wati 50, chini ya jua letu la mkoa wa Mara, ikipata saa tano nzuri na tukitoa kinachopotea njiani, huweza kurudisha kiasi hicho cha 155. Basi kambi haikuhitaji betri kubwa ya nyumbani kama sabufa haipo. Ile kubwa ikabaki kwa mama na watoto, kambini nikapeleka nyingine ndogo na taa mbili. Hapo niliona kwamba nilichokuwa nakiita uhaba kilikuwa, kwa sehemu kubwa, mpangilio wangu mwenyewe.

Wajibu unaofuata ni kufunga mitambo hiyo kwa utaratibu, taratibu, mtoto akiwapo. Betri huwekwa juu ya kibao, mahali pakavu penye hewa, mbali na moto na mbali na kichwa cha anayelala, kwa kuwa betri ya tindikali inapochajiwa hutoa gesi inayoweza kulipuka. Fyuzi hufungwa kwenye waya wa chanya, karibu kabisa na betri, kwani nyaya zikigusana betri ndogo tu inaweza kutoa mkondo wa kuufanya waya uwe mwekundu kama kaa. Kwenye kontrola ya chaji, kifaa kinachosimamia umeme wa betri, huungwa betri kwanza, halafu paneli, halafu taa. Wakati wa kufungua, taa hutangulia kutoka, kisha paneli, betri mwisho. Paneli huelekezwa kaskazini kwa mwinamo mdogo tu, kwa sababu sisi tuko nyuzi mbili hivi kusini mwa Ikweta na jua hupita karibu na utosi. Mwinamo huo husaidia vumbi na maji ya mvua yateremke. Kila hatua ina sababu yake, na mtoto anayeambiwa sababu hahitaji kutishwa.

Pamoja na kufundisha, tuweke mipaka. Kumshirikisha mtoto si kumgeuza kibarua. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imekataza mtoto kuajiriwa kazi ya usiku, na hata bila sheria, moyo wa mzazi ungepaswa kujua kwamba mtoto wa darasa la sita mahali pake usiku ni kitandani, si mtumbwini. Maji ya betri yenye tindikali ayaongeze mtu mzima. Betri kuukuu isivunjwe na watoto kwa ajili ya kutafuta risasi, kwa maana risasi hudhuru ubongo unaokua, na Shirika la Afya Duniani halitambui kiwango chochote cha risasi mwilini kuwa salama. Tukimwona mtoto akichezea betri iliyopasuka nasi tukapita kimya, kimya chetu kimempa ruhusa.

Na nidhamu? Nimejifunza kitu kutoka kwa kontrola ya chaji. Betri ikishuka hadi kiwango kilichowekwa, kontrola hukata umeme wa taa na redio. Haifoki, haitukani, haimwonei mtu haya, wala haiangalii kwamba mwenye betri ni mwenye kambi. Ukijaza, inafungua tena. Adhabu zetu nyingi hazifanani na hiyo. Leo tunafumbia macho, kesho tunapiga kwa hasira kosa lile lile, na kikomo tulichowawekea watoto sisi wenyewe tunakivuka mbele yao. Tumezoea kusema samaki mkunje angali mbichi. Tunasahau kuutazama mkono unaokunja kama wenyewe umenyooka. Nyumbani kwetu sasa saa tatu usiku simu zote, yangu ikiwemo, huwekwa juu ya sanduku la betri. Wiki za mwanzo aliyevunja kanuni hiyo mara nyingi zaidi nilikuwa mimi, na watoto hawakukosa kuhesabu.

Betri iliyonyonywa kupita nusu kila usiku haionyeshi siku hiyo hiyo. Asubuhi huchajiwa, jioni taa zinawaka, mwenye mali anaona yote ni salama. Uharibifu huonekana miezi kadhaa baadaye, inaposhindwa kufika hata saa nne za usiku, na wakati huo hakuna fundi wa kuirudisha ilivyokuwa. Nimewaona watoto wa namna hiyo pia hapa kwetu, vijana wa miaka kumi na saba ambao wazazi wao wanashangaa wameharibika lini. Sidhani waliharibika siku moja. Tulichelewa kurudi mara nyingi, na kila mara tukaona asubuhi wako salama.

Juni iliyofuata nilikuwa tena kambini, jua limekwisha kuzama, wenzangu wanaita kutoka majini. Mwanangu alikuwa ameshika waya mwekundu. Nilinyoosha mkono anipe niunge haraka haraka. Hakunipa. Alifungua kiganja kingine, fyuzi imo, akainama kuitafutia mahali pake kwa mwanga wa tochi aliyoibana kwapani. Vidole vyake vilikuwa vizito bado, na ilichukua muda. Waliniita tena. Nikawajibu wangoje.