Hema la usiku mmoja: mgeni wa msitu ana deni gani?

Sisi watu wa Kisangani hatuna desturi ya kulala msituni kwa kujifurahisha. Tukimwona Mzungu ameteremsha mzigo wake kando ya mto, amefungua kitambaa chake, amesimamisha kijumba na kuingia kulala humo, na huku mfukoni ana franka za kutosha kulipa hoteli, tunacheka. Tunasema huyu ameshiba nyumba. Kwetu mtu analala nje kwa sababu mbili tu: kazi au mateso. Kazi ni ya mvuvi, ya mwindaji, ya mchoma makaa, ya kijana aliyekwenda kutafuta almasi. Mateso kila mmoja wetu anayajua.

Neno kambi lenyewe lina uzito kwetu. Kuna kambi ya wavuvi, kuna Kambi Ketele ya maaskari, kuna kambi ya wakimbizi. Karavani za Tippu Tip, ambaye mwaka 1887 aliwekwa kuwa gavana wa Stanley Falls, zilikuja na kambi zake, na lugha hii ninayoandika ilikuja nazo. Mwaka ule ule Stanley alipita katika msitu wa Ituri akimtafuta Emin Pasha, na pale msafara wake ulipolala, mashamba ya ndizi ya wenyeji yalibaki matupu. Kwa vijiji vingi vya njia ile, hema lilianza kuonekana kama nyumba ya mtu asiyeomba. Halafu, karibu na sisi zaidi, mwaka 1997, kando ya reli inayokwenda Ubundu, ziliota zile bashi za wakimbizi wa Rwanda, Kasese na Biaro. Waliofika huko mwezi wa nne hawapendi kueleza walichokiona. Kwa hiyo mtu wa huku akisikia kwamba kulala chini ya bashi ni mapumziko, umusamehe akikuangalia kwa mashaka.

Lakini mambo yanageuka. Kila likizo kubwa vijana wa parokia na wa shule wanakwenda kambi: siku tatu, siku nne, mahema mawili matatu, sufuria, ngoma, nyimbo za usiku. Ni jambo zuri. Mtoto wa mjini anajifunza kuwasha moto, kuchota maji, kunyamaza na kusikiliza msitu. Mimi mwenyewe niliongoza kambi kama hizo. Ndiyo maana nataka kuuliza swali ambalo hatukulitia katika programu yetu: mtu anayelala usiku mmoja mahali pasipo pake, na asubuhi anaondoka, ana deni gani? Na deni hilo linalipwa kwa nani?

Mwezi wa nane mwaka 2006 tulikwenda na vijana kama ishirini, tukavuka daraja la Tshopo, tukafuata barabara ya zamani ya Buta, mizigo juu ya toleka. Tulitoka barabarani tukaingia msituni mpaka kwenye kijito kimoja kizuri sana, maji meusi kama chai lakini safi, mchanga mweupe, miti imefunika juu. Hakuna nyumba iliyoonekana. Tulishukuru Mungu kwa kutuandalia mahali. Tukakata miti michanga ya kusimamishia bashi, tukapiga kambi, tukapika lituma na makayabu, vijana wakaoga, wakafua, wakaimba mpaka usiku wa manane.

Asubuhi kukatokea mzee mmoja na panga lake, na mjukuu nyuma. Akasimama, akatuangalia, akauliza:

«Mulilala muzuri?»

«Tulilala muzuri, papa.»

«Nani aliwaonyesha hapa?»

Tukanyamaza. Mzee hakupandisha sauti. Alizunguka kambi polepole, akafika kwenye nguzo za bashi yetu, akashika moja, akaikwaruza kwa ukucha. Akasema huo ni mti wa mbinzo. Mti ule ukikomaa, viwavi wanapanda juu yake kila mwaka, na wakati huo nyumba yake inakula na inauza, watoto wanapata kalamu na madaftari. Mti ule ulikuwa mchanga bado. Hakuuhesabu kwa ajili yake, bali kwa ajili ya yule mtoto aliyesimama nyuma yake. Sisi tulikuwa tumekata minne, kwa usiku mmoja.

Kati yetu kulikuwa na kijana mwanafunzi wa sheria. Kwa heshima, lakini na ile haraka ya mtu aliyetoka darasani, akaeleza kwamba tangu sheria ya tarehe 20 mwezi wa saba 1973 udongo wote ni mali ya Serikali. Mzee akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza:

«Serikali ilishalala hapa siku gani?»

Vijana wakacheka, na mimi nikacheka. Ila mzee hakucheka. Akaongeza maneno ambayo tangu siku hiyo sijayasahau:

«Mwaka ya vita mulikuja huku bila bashi, bila sufuria, batoto mugongoni. Tuliwapokea. Leo muko na mahema, muko na sukari, na hamukusalimia mutu.»

Alikuwa anasema juu ya mwezi wa sita 2000, zile siku sita, kutoka tarehe 5 mpaka 10, ambapo majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana ndani ya mji wetu kana kwamba mji hauna watu. Raia mamia walikufa. Wengi walikimbia, wengine wakavuka mto, wengine wakashika barabara za vijiji, wakalala chini ya miti na katika majiko ya watu wasiowajua. Hakuna aliyeomba ruhusa siku hizo. Hakuna aliyeulizwa. Mihogo ililiwa, kuku wakaliwa, na tulipopata habari kwamba makombora yamenyamaza, tulirudi mjini. Ni wangapi waliorudi tena kule kijijini kusema asante? Mimi sikurudi.

Sasa nirudi kwenye swali. Majibu ya haraka yako matatu, na katika kambi yetu asubuhi ile tuliyasikia yote. Kijana wa sheria alisema Serikali. Mzee alisema ukoo wake. Mmoja wa wasaidizi wangu, mkristo mwema, alisema msitu ni wa Mungu na Mungu hatozi kodi. Kila jibu lina ukweli ndani yake. Sheria ile ya 1973 yenyewe ilikiri kwamba ardhi wanayokaa jamii za wenyeji itapewa kanuni yake, na kanuni hiyo ikangojewa miaka na miaka. Sheria ya misitu ya 2002 ikafungua mlango kidogo, na agizo la mwezi wa nane 2014 likaeleza jinsi jamii inavyoweza kupata msitu wake, mpaka hektari 50,000. Kwa hiyo hata karatasi za Serikali zinakubali sasa kwamba yule mzee hakuwa mtu wa kupita tu.

Lakini mimi naona kwamba kuuliza «ni wa nani?» hakutoshi. Hata kama msitu ule ungekuwa wa Serikali kabisa, mti wa mbinzo ungebaki umekatwa, na mtoto angebaki bila viwavi wake. Deni halitokani na karatasi ya mali. Linatokana na kwamba mahali tulipoona patupu palikuwa tayari katika maisha ya mtu.

Wapenzi wa kulala katika mahema duniani wana kanuni yao, na maskauti wanaifundisha pia: ondoka bila kuacha alama. Zima moto, okota takataka, funika shimo. Kanuni nzuri, na ningependa ifuatwe hata sokoni kwetu. Lakini ichunguze vizuri. Inamfundisha mgeni kuupenda msitu kana kwamba hakuna watu ndani yake. Mtu anaweza kuitimiza yote, asiache hata njiti ya kiberiti, na bado awe ameingia na kutoka kama mwizi, kwa maana hakuna aliyejua jina lake wala yeye hakujua jina la mtu. Kwa wazee wetu mgeni hasifiwi kwa kupita bila kuonekana. Anasifiwa kwa kupiga hodi.

Epulu inanisaidia kufikiri hapo. Barabara ya Komanda itakufikisha kule, mbali na Kisangani, katika nchi ambayo mpaka 2015 ilikuwa jimbo moja na sisi. Mto Epulu una maporomoko yenye kelele mchana na usiku, na kando yake, tangu miaka ya 1930, Mmarekani Patrick Putnam alifungua kambi iliyopokea wagonjwa na pia wageni wa kulipa. Mwaka 1952 pakawa kituo cha okapi. Mwaka 1992 likaja hifadhi, na 1996 UNESCO ikaiweka katika urithi wa dunia. Wasafiri wenye magari makubwa walikuwa wakipiga mahema pale mtoni, wanalipa, wanaona okapi, asubuhi wanaendelea. Tarehe 24 mwezi wa sita 2012 waasi wa Morgan waliingia, wakaua watu, wakachoma, na okapi wote 14 wa kituo wakafa. Naandika hayo ili mtu asidhani kwamba hema kando ya mto ni picha ya amani tu.

Lakini hapo hapo, ndani zaidi ya msitu, kuna kambi nyingine, ile ya Wambuti. Wanawake wanapinda fito, wanaziezeka kwa majani mapana, na jioni nyumba iko tayari. Wanakaa juma kadhaa, wanawinda kwa nyavu, wanatafuta asali, na mahali pakianza kuchoka wanahama. Majani yanaoza. Colin Turnbull, aliyekaa nao karibu na Epulu na kuandika kitabu mwaka 1961, alieleza jinsi wanavyouita msitu baba na mama. Watu wengi wanasoma hilo kama shairi. Mimi naona ni hesabu. Kwa baba na mama huwezi kusema nimelipa, tumemalizana. Unarudi, unaangalia, unaleta, unaimba. Mbuti anaacha alama nyingi mahali alipolala, majivu, fito, njia. Asichokiacha ni ugomvi, kwa sababu atarudi.

Najua msomaji mmoja atanipinga: unataka turudishe ushuru wa kila mzee mwenye panga? Kwenye barabara zetu tayari kuna vizuizi vya kutosha, kila mtu anataka «ya chai». Ni kweli, na sipendi kuwafanya wazee malaika. Kuna wakubwa wa ardhi waliotia sahihi kwa makampuni ya mbao, misitu mikubwa ikaondoka kwa magunia ya chumvi na masanduku ya sabuni. Nasema hivyo kwa aibu kidogo, maana sisi pia tulitoa chumvi. Asubuhi ile tulikusanya franka tukampa mzee kwa ajili ya ile miti minne. Alizikataa. Alisema pesa haioti. Tukampa chumvi na sukari, akapokea kwa mikono miwili, akakaa, akanywa chai na sisi, akaanza kuuliza watoto wa nani tuko.

Tofauti iko wapi basi, kati ya chumvi yetu na ile ya kampuni? Usiku uliofuata nilikosa usingizi nikiitafuta. Si wingi. Si hata mti, kwa sababu sisi pia tulikuwa tumeukata. Nafikiri chumvi ya kampuni ililetwa ili mazungumzo yaishe: sahihi hii, kwaheri. Yetu ilifika kwa kuchelewa, lakini baada yake mzee alitujua, na alikuwa na haki ya kutuuliza tena. Siku ya kuondoka alitutuma dawa ya minyoo mjini kwa mjukuu. Alitutuma kama mtu anayetuma watoto wake. Tuliinunua, na ilibidi mtu aipeleke.

Mwaka uliofuata tulirudi na kundi jipya. Safari hii tulisimama barabarani kwanza, tukauliza, tukapelekwa kwa mzee, tukakaa karibu saa nzima tukijibu habari za mjini. Vijana walichoka, walitaka kwenda kuogelea. Nilipomwambia kwamba tunaomba mahali petu pale pale kwenye mchanga mweupe, alikataa.

«Pale wamama wanaroweka mihogo,» akasema. «Hamukuona?»

Tulikuwa tumeona. Mwaka ule wa kwanza, chini kidogo ya pale tulipofulia nguo, kulikuwa na mihogo ndani ya maji, imefungwa kwa kamba, imewekewa jiwe juu. Mmoja wa vijana aliniuliza ni ya nani. Nilimjibu kwamba ni ya zamani, labda imesahauliwa. Povu la sabuni yetu lilikuwa linapita juu yake.

Mzee akamwita mjukuu atuonyeshe mahali pengine, mbali zaidi na maji, penye siafu kidogo.