Wasiwasi wa Moyo: Je, Ni Dhambi?

Katika jumuiya nyingi za wakristu husikika neno hili: «Mwenye imani ya kweli hana wasiwasi.» Wenye kulisema wana nia njema, hudhani wanamtia mwenzao nguvu. Lakini mtu ambaye halali usiku kwa kuwaza, akilisikia, huongezewa mzigo wa pili juu ya ule wa kwanza. Jana aliwahofia watoto wake. Leo ahofu pia kwamba Mungu amechukizwa naye. Wengine huacha kukaribia Komunyo kwa sababu hiyo. Wengine huificha shida yao hata mbele ya padri. Wengine hutupa dawa walizopewa na daktari. Swali hili, basi, si la wenye elimu peke yao: je, wasiwasi wa moyo ni dhambi?

Ili kujibu vema, hapana budi kutenganisha mambo matatu ambayo watu huyachanganya.

La kwanza ni uangalifu. Mkulima wa Kivu anayetayarisha shamba kabla ya mvua za Septemba, na baba anayeweka akiba kwa ajili ya masomo ya watoto, hawana kosa. Uangalifu wao ni fadhila. Bwana Yezu alipowaonyesha wanafunzi ndege wa angani na maua ya mashamba, hakuwafundisha uvivu, kwa maana ndege naye hutoka alfajiri kutafuta chakula. Mtakatifu Tomaso wa Akwino, aliyefariki mwaka 1274, aliuliza kama yafaa mtu ayahangaikie mambo yajayo. Alijibu kwamba kila wakati una shughuli yake: kiangazi ni wakati wa kushughulikia mavuno ya nafaka, na zabibu zina majira yake baadaye, mwenye kuihangaikia kazi ya zabibu wakati wa kiangazi ajitwika mzigo kabla ya siku yake. Mkulima wa mihogo alielewa jambo hili bila kitabu: hakuna apaliliaye shamba lisilopandwa bado.

La pili ni hofu yenye sababu. Tarehe 22 Mei 2021 mlima Nyiragongo ulitapika moto, na siku zilizofuata ardhi ya Goma ilitetemeka mara nyingi, hata tarehe 27 wakuu wa mkoa wakaamuru watu wa sehemu kubwa ya mji waondoke. Mtu aliyeogopa siku zile hakupungukiwa na imani, aliona sawasawa. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa watu wa Goma mwezi wa Januari 2025, na kwa watu wa Bukavu mwezi wa Februari, vita vilipoingia mijini mwao. Hofu ya namna hii ni kama mlinzi ambaye Muumba amemweka mlangoni: aona hatari, apiga kelele, na mwili wote wajitayarisha kukimbia au kujitetea.

La tatu ndilo wasiwasi wenyewe. Hapa mlinzi yule yule aendelea kupiga kelele ijapokuwa mwizi hayupo. Moyo wapiga mbio, pumzi yawa fupi, tumbo lakaza, usingizi watoroka, na fikira moja yazunguka kichwani kama jiwe la kusagia lisilo na nafaka: «Na kama mtoto akifa? Na kama kazi ikipotea? Na kama Mungu amenikataa?» Mtu haziiti fikira hizi. Huja zenyewe, na kadiri azifukuzavyo kwa nguvu, ndivyo zinavyorudi.

Jibu la swali lapatikana hapo. Dhambi hutendwa kwa kujua na kwa kutaka. Kilichoingia moyoni bila kuitwa, na mtu hakukikubali, hakiwezi kuhesabiwa kuwa dhambi yake. Tena Katekisimu ya Kanisa Katoliki, iliyotolewa mwaka 1992, yakumbusha kwamba hata penye tendo lililo kosa, lawama ya mtu yaweza kupunguka, pengine kuondoka kabisa, kwa sababu ya hofu, mazoea, na mambo mengine ya nafsi.

Upo pia ushuhuda ulio mkubwa kuliko hoja zote, nao ni bustani ya Getsemani. Mwinjili Luka aeleza kwamba katika dhiki ile jasho la Bwana lilikuwa kama matone ya damu. Yeye asiye na dhambi aliijua dhiki ya moyo. Kama ingekuwa dhambi, asingeweza kuionja. Wala hakuificha: aliwaomba wanafunzi watatu wakeshe pamoja naye.

Mtu aweza kupinga akisema: «Lakini Bwana aliwakataza watu kuihangaikia kesho.» Ni kweli. Walakini neno lile lilitolewa liwe faraja kwa waliolemewa, si fimbo ya kuwapigia. Hakuna daktari aponyaye homa kwa kumkemea mgonjwa. Bwana aliamuru kilicho katika uwezo wa mtu: asiifanye kesho kuwa bwana wake, na autafute kwanza ufalme wa Mungu. Kuusikia wasiwasi si kuuabudu. Mkristu hawezi kila mara kuuzuia usiingie nyumbani, lakini aweza kukataa kuupa kiti cha hakimu.

Maisha ya watakatifu yathibitisha hayo. Mtakatifu Inyasi wa Loyola, akiwa Manresa mwaka 1522, alishikwa na mashaka makali juu ya dhambi zake za zamani. Aliziungama, akaziungama tena, na kila mara alidhani kwamba amesahau kitu. Dhiki ikazidi hata akajaribiwa kujiua. Alifunga chakula juma zima ili Mungu amwokoe, mpaka muungamishi wake alipomwamuru ale, naye akatii. Hatimaye alikata shauri kutoziungama tena dhambi zilizokwisha kuondolewa, akapata uhuru.

Mtakatifu Fransisko wa Sales alikuwa mwanafunzi wa miaka kumi na tisa mjini Paris, yapata mwishoni mwa mwaka 1586, alipoingiwa na fikira kwamba amekwisha kuhukumiwa kwenda motoni. Kwa majuma kadhaa hakuweza kula wala kulala vema. Siku moja aliingia kanisani, akasali mbele ya sanamu ya Bikira Maria, akaazimia hivi: hata asipojua yatakayompata baada ya kufa, atampenda Mungu katika maisha haya ya leo. Amani ikamrudia. Kijana huyo akawa Askofu wa Geneva, na katika kitabu alichokitoa mwaka 1609 kwa ajili ya waamini wa kawaida aliweka sura nzima juu ya mahangaiko ya moyo.

Katika habari hizo mbili limo fundisho ambalo madaktari wa leo nao hulifundisha: wasiwasi hulishwa. Inyasi alipoungama tena alipata nafuu ya kitambo, kisha mashaka yakarudi na njaa kubwa zaidi. Kadhalika mtu anayempigia mwanawe simu mara kumi kwa siku ili ajue kama yu mzima, au anayeacha kwenda sokoni kwa kuogopa mioyo ya watu, hupumzika kidogo leo na kuogopa zaidi kesho. Kwa maana moyo wake wajifunza kwamba hatari ilikuwa kweli. Njia ya kupona ni kuacha kuulisha, pole pole, na kutenda wema mdogo uliopo mbele ya macho.

Yafaa basi kuyashika mambo matatu. Kwanza, kuipambanua fikira: je, liko jambo la kutenda leo? Likiwapo, litendwe, lisipokuwapo, fikira iachwe ipite kama mpita njia, bila kugombana naye. Pili, kuutunza mwili, ambao ni kazi ya Mungu: kulala kwa saa zilizopangwa, kutembea, kupumua taratibu na kuitoa pumzi kwa kitambo kirefu kuliko kuivuta, kuacha habari za simu usiku, na kutotafuta utulivu katika pombe, kwa sababu ikishatoka mwilini huuacha wasiwasi ukiwa mkubwa zaidi. Tatu, kutoubeba mzigo peke yake. Dhiki ikidumu kwa majuma na kuharibu usingizi na kazi, mtu amwone daktari. Na zikija fikira za kujiua, asiachwe peke yake, bali apelekwe siku ile ile.

Dawa si adui ya sala. Yoshua bin Sira afundisha kwamba daktari naye ameumbwa na Mungu. Padri Peter Joseph Triest alianzisha mjini Ghent, Ubelgiji, mwaka 1807, shirika la Mabruda wa Upendo, ambalo tangu zamani huwatunza wagonjwa wa akili. Katika Kongo vituo kama SOSAME cha Bukavu na Tulizo Letu cha Goma ni matunda ya kazi hiyo.

Nao majirani wana wajibu wao. Wahenga walisema: mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Ni rahisi kumwambia mwenye dhiki kwamba hana imani, au kuwataja wachawi na pepo. Maneno hayo hayamgharimu msemaji kitu, na humvunja msikiaji. Hapo ndipo dhambi yaweza kupatikana kweli: si moyoni mwa anayetetemeka, bali mdomoni mwa anayemhukumu. Bwana alipokuwa katika dhiki hakuwaomba rafiki zake hoja wala mahubiri. Aliwaomba wakeshe pamoja naye saa moja, nao wakalala. Saa ile bado yawangoja wakristu katika kila kijiji na kila mtaa.