Anwani Isiyo na Tarehe

Kilimia, lile kundi la nyota ambalo jina lake limetokana na kulima, lina anwani. Fungua orodha za wanaastronomia utaikuta: saa 3 na dakika 47, kisha nyuzi 24 na dakika 7 kaskazini. Hizo saa zisikuchanganye, hazihusiani na asubuhi wala usiku. Anga limegawanywa saa 24 kuelekea mashariki, kuanzia pale jua linapovuka ikweta mwezi Machi, na nyuzi za kwenda kaskazini na kusini, kama latitudo za ramani ya shuleni. Namba mbili tu, na darubini inajua pa kuelekea.

Pembeni ya namba hizo huandikwa kitu cha tatu, ambacho msomaji mwenye haraka hukiruka: J2000.0. Ni tarehe. Anwani hii ni ya adhuhuri ya Januari 1, 2000. Inahitajika kwa sababu Dunia inayumba kama pia ya watoto inayokaribia kulala, yumbo moja likichukua miaka kama 26,000, na mistari yote tuliyoichora angani inasogea nayo. Nyota zenyewe pia zinatembea. Nyota ya Barnard, kwa mfano, huvuka upana wa mwezi mpevu kwa miaka 180 hivi. Kwa hiyo, mahali pasipo na tarehe, kwa mwanaastronomia, pana kasoro.

Ninaye mjomba. Nyumbani anaelezwa kwa sentensi moja: yule mlevi aliyeuza shamba la bibi. Sentensi hiyo ni ya kweli, aliliuza. Ila ni ya mwaka 2007. Sasa ana miaka 12 hajagusa pombe, na bado kikao cha harusi kikitafuta mweka hazina, macho yote humruka kana kwamba kiti chake ni kitupu. Hakuna anayemsingizia. Wanamtaja bila tarehe tu.

Je, tusahau basi? Rafiki zangu husema yaliyopita si ndwele. Mimi sikubali, na sababu yangu ni Edmond Halley. Mwaka 1718 alilinganisha vipimo vya wakati wake na vya Wagiriki wa kale, akaona Sirius, Arcturus na Aldebaran haziko zilikoandikwa. Kwa karne nyingi watu walikuwa wameziita nyota zisizohama. Angejuaje, kama mtu mwenye huruma angekuwa amefuta vile vipimo vya zamani? Kipimo kimoja hakionyeshi mwendo. Bibi ana haki ya kulikumbuka shamba lake, maana lilikuwa lake, na alilima humo hadi mgongo ukapinda. Tena anayemwambia asahau anamnyima na mjomba kitu: ukiliondoa shamba, ile miaka 12 inakuwa tabia tu ya mzee asiyependa pombe. Hakuna atakayeona ametoka wapi.

Linalonikosesha raha ni jambo jingine. Ili kupima mwendo wa kitu, sharti uwe na kingine kilichotulia. Tangu 1998 wanaastronomia wameifunga ramani ya anga kwenye kwazari, viini ving'avu vya galaksi za mbali mno. Si kwamba kwazari zimetulia. Ziko mbali kiasi kwamba mwendo wake hatuuoni.

Na katika ukoo wetu wapo wanaotumika hivyo, wajomba wa kupigiwa mfano, ambao mjomba wangu hupimwa kwao kila anapotajwa. Wengi wao wanaishi mbali. Huja Desemba, hukaa siku tatu, huacha sukari na mchele, huondoka. Mweka hazina wa harusi ya mwaka jana alikuwa mmoja wao.