Kuhifadhi na Kufungia

Ya kale dhahabu, husema wahenga. Lakini dhahabu ina wanaoivaa na wanaoifukia. Tofauti hiyo inawahusu hata wakusanyaji wa gemu za zamani, ambao aghalabu huchekwa kuwa ni watu wazima wanaochezea vya watoto.

Tuchukue Gradius, mchezo uliotolewa na kampuni ya Konami ya Japani mwaka 1985. Chombo kidogo cha angani chaelekea kulia huku maadui wakikijia. Mchezaji huokota nguvu mojamoja, na akipigwa mara moja tu hupoteza zote, akaanza tena mikono mitupu. Mashine zake za mwanzo zilitumia kumbukumbu ya sumaku, ambayo ilibidi ipate joto kwanza, na wakati wa kungoja zilipiga muziki. Kumbukumbu hiyo ilikuwa dhaifu, mchezo ukahamishiwa kwenye vifaa vingine, na leo huchezwa katika mashine ambazo watungaji wake hawakuziota. Je, anayeucheza humo anaucheza wenyewe, au kivuli chake?

Kigoma ina jibu la chuma. Meli ya Graf von Goetzen ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaletwa vipande vipande na kuunganishwa kando ya Ziwa Tanganyika. Mwaka 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe isije ikatekwa, ila kwanza waliipaka mitambo grisi. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Katika miaka ya 1970 injini zake za mvuke ziliondolewa, zikawekwa za dizeli. Jina jipya, moyo mpya. Na bado kwa miongo mingi abiria waliipanda na mizigo yao bila kuuliza kama ni ileile. Kazi ilitosha kuwa ushahidi.

Yumkini mkusanyaji atasema kuwa meli ni moja, ilhali gemu iliyonakiliwa ni nyingine. Ujiji, pale Stanley alipokutana na Livingstone mwaka 1871, mwembe wa awali haupo tena. Iliyopo inasemekana ni vikonyo vyake. Anayepumzika chini yake hapati kivuli cha bandia.

Hata hivyo, ana hoja. Asili ikipotea, nakala haina wa kuisahihisha, kama utenzi uliobaki katika hati moja yenye makosa ya mnakili. Kwa hiyo ni wajibu mtu aitunze kaseti ya kwanza. Lakini waliozamisha meli kwa grisi walikusudia irudi majini. Anayeifunga gemu kwa nailoni ili bei ipande, asiiwashe wala asimwonyeshe mtu, hakusudii irudi popote. Huyo hahifadhi, bali anazuia. Sisi wenye madiwani sandukuni tujiulize vivyo hivyo, kabla mchwa hawajatutangulia kuyasoma.